Pikipiki Yenye Sketi

Jumapili, 1 Agosti 1993

Mwanangu Mucyo ametoka kuilisha pikipiki majani sasa hivi. Kweli kabisa! Nimegeuka kidogo kutazama chapati, narudi uani, namkuta amechuchumaa mbele ya taa na fungu la majani mkononi. Anasema: kula, kula. Mengine ameshayapenyeza kwenye injini. Nimeyatoa moja moja kwa kibanio cha nywele, nacheka peke yangu kama mwehu.

Ana haki yake, miaka mitatu tu. Tangu Alhamisi hakuna mtu nyumba hii anayesema pikipiki. Sote tunasema ng'ombe. Aliyeanza ni Mzee Gatera. Aliisukuma mwenyewe mpaka ndani ya ua, suruali ameikunja, akamshika mume wangu Maneno mkono. Akamwambia: mwanangu, mimi nilipokuja mjini kutoka Busanza na shati moja, baba yako alinilaza miaka miwili chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Sikuwahi kumpa ng'ombe, mpaka akafa. Basi nakupa wewe. Ng'ombe mwenyewe ndiye huyu, mpeleke malishoni.

Mume wangu akalia mbele za watu. Mimi nikakimbilia jikoni, nikalilia huko.

Hatukuomba. Hata kuota hatukuota. Miaka mitano Maneno anatembea na sanduku la nyuzi, vifungo na zipu begani, anawauzia mafundi cherehani wa Kicukiro, Niboye mpaka Gisozi. Jioni namkanda miguu kwa maji ya chumvi. Sasa pikipiki! Mpya, nyekundu, nailoni bado iko kwenye kiti. Nimemwambia tuitoe, amekataa. Eti ndama haanzwi kwa kuchunwa.

Jambo moja tu. Karatasi bado zina jina la Mzee. Amesema atakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi, akitoka misa, aone ng'ombe wake anachungwaje. Akiridhika ndipo atatia sahihi zigeuke ziwe na jina la Maneno. Na sisi siku hiyo tutamshukuru rasmi, gukura ubwatsi, shukrani ya aliyepewa ng'ombe, kwa maneno na kinywaji kama desturi. Pombe haiingii kwetu. Nitamtafutia maziwa ya mgando, mazuri.

Inalala sebuleni. Chumba chote petroli. Alhamdulillahi kwa harufu hiyo.

Alhamisi, 5 Agosti

Jana serikali na waasi wametia sahihi ya amani kule Arusha. Tangu asubuhi radio ni amahoro, amahoro tu, amani. Mama Illuminée, jirani yangu, ananiita kwa jina langu juu ya ukuta: Uwamahoro weee, wanakuita kwenye radio, itika basi! Watu wanasalimiana njiani hata wasiojuana. Labda dada yangu Mukunde atakuja kututembelea kutoka Kampala. Sijamwona tangu nikiwa darasa la tano, mwaka mmoja kabla ya mimi kuacha shule.

Siku nzuri hivyo. Na mimi nimeiharibu.

Maneno alikuwa ameenda msikitini, alasiri. Nilitaka kufagia sebule. Nikaisukuma pikipiki kidogo — kidogo tu! Sikujua ni nzito hivyo. Ikanilalia. Nikaizuia kwa nyonga, haikuanguka, lakini tangi likapita kwenye komeo la mlango. Krrr. Sauti ile niliisikia kwenye meno.

Mkwaruzo upande wa kulia. Urefu wa kidole. Mweupe juu ya nyekundu. Wiki moja tu tangu iingie!

Akili ikaniruka. Nikawaza, sufuria ikiharibika inafanywaje? Nikachota majivu ya mkaa, nikachukua na waya wa kusugulia, nikasugua kama alivyonifundisha mama. Kwa nguvu zote. Na bismillahi nilisema. Nikamwagia maji, nikafuta, nikatazama. Yarabi! Tangi limefifia, doa kubwa kama chapati, mng'ao wote umekwenda. Na mkwaruzo uko palepale katikati, unanitazama.

Nikasikia watu wanatoka msikitini. Nikavuta kitambaa cha radio, kile cheupe nilichofuma nikiwa na mimba ya Mucyo, nikakitandika juu ya tangi. Maneno akaingia, akasimama. Nini hii? Nikamwambia ni heshima. Radio ina kitambaa, pikipiki ikae uchi?

Akatazama muda mrefu. Akatabasamu. Akasema: Mama Mucyo, wewe una moyo.

Moyo!

Jumanne, 10 Agosti

Anaendesha nacho mjini! Amekifunga kwa kamba nne za viatu, kila pembe moja. Nilifikiri atakiacha nyumbani. Kumbe hapana.

Wenzake sokoni wanamcheka mpaka basi. Maneno, ng'ombe wako amevaa sketi? Mwingine akamuuliza mahari ni kiasi gani. Ananihadithia huku anakula, anacheka na yeye. Nikasema basi kitoe. Akasema: waache wacheke, wao wake zao wamewafumia nini?

Kila neno jema analoniambia linaingia kama pini.

Kwa nini simwambii? Si kwamba naogopa mkono wake, hajawahi kuninyanyulia. Naogopa uso wake. Ule uso aliokuwa nao siku Mzee anaingiza pikipiki uani. Nataka ubaki vile. Walau mpaka karatasi zitiwe sahihi.

Lakini leo amerudi saa tisa! Amemaliza Niboye na Kicukiro zote, miguu haijavimba. Amemfundisha Mucyo kuhesabu vifungo mpaka magharibi. Mwanangu amejua kumi. Sita anairuka, lakini kumi anafika.

Jumapili, 15 Agosti

Tumekwenda Gisozi kwa mama, sote watatu. Mucyo katikati, mimi nyuma. Ile nailoni inateleza! Kwenye mteremko nilikuwa namkandamiza Mucyo, Mucyo anamkandamiza baba yake, baba yake amelalia kitambaa. Anapiga kelele: Mama Mucyo, rudi nyuma! Nirudi wapi mimi?

Mama akaizunguka pikipiki, mikono nyuma. Akauliza inakula nini. Petroli. Na maziwa inatoa? Maneno akafungua begi akatoa kilo ya sukari: haya ndiyo maziwa yake, mama. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Ndiyo maana anampenda mkwe wake.

Halafu akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote angefanya. Akafunua pembe ya kitambaa aone mshono kwa nyuma. Nikaganda. Aliona doa. Akanitazama, akakishusha taratibu, akakinyoosha kwa kiganja.

Jikoni akaninong'oneza: majivu? Nikaitika kwa kichwa. Akasema: hata mimi ningetumia majivu. Halafu akasema: mwambie kabla hajaona mwenyewe.

Sijamwambia.

Jumatano, 18 Agosti

Maneno amechelewa leo. Amekuja anaisukuma. Nikauliza, akasema petroli imeisha. Hakuniangalia.

Baada ya kula akasema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa: kile kitambaa chako, unaweza kukiongeza? Kishuke kidogo upande wa kushoto.

Mpaka wapi?

Mpaka hapa. Akaonyesha kwa mkono, bila kukifunua.

Kwa nini kushoto tu?

Jua. Nikienda Kicukiro asubuhi jua linapiga upande huo, rangi itapauka.

Nywele zake zina vumbi jekundu. Shati la mikono mirefu, na joto hili! Nilijua hapohapo. Nikachukua sindano. Sikuuliza. Ningeuliza kwa mdomo upi, mimi mwenye doa langu kulia? Nimefuma mpaka isha, yeye ananishikia uzi. Tulikuwa wapole mno, kama wageni.

Ijumaa, 20 Agosti

Yamekwisha. Yamejulikana yote.

Kitambaa kilikuwa kimejaa vumbi. Maneno alipoenda swala ya Ijumaa nikafungua kamba, nikakifua. Upande wa kushoto: tangi limebonyea, ngumi yangu inaingia yote. Rangi imepasuka pembeni kama ganda la yai. Na taa ndogo ya kukatia kona imevunjika, amekifunga kipande kilichobaki kwa uzi wa vifungo. Umezungushwa vizuri, na fundo dogo kama la fundi hasa. Ule uzi ndio ulionipa uchungu. Alikaa peke yake mahali fulani, anafunga.

Nilikuwa bado nimesimama, kitambaa kinachuruzika maji, akaingia. Tukatazamana. Wa kwanza kusema alikuwa Mucyo: baba, ng'ombe ana kidonda.

Ana viwili, nikasema.

Akaketi chini, kwenye kizingiti. Akasema ni Niboye, kwenye kona ya mchanga. Mama mmoja alivuka na kikapu cha viazi, yeye akamkwepa. Anasema alianguka polepole, kama mzee anayekaa kitini. Kiwiko kimechunika chote. Hakuniambia! Nikamwuliza kwa nini. Akasema: wewe umemvalisha nguo ya heshima, mimi nije nikwambie nimemwangusha?

Ndipo nikasema yangu. Komeo. Majivu. Waya. Nilisema haraka, bila kuvuta pumzi.

Akakasirika. Lazima niandike ukweli, alikasirika. Majivu? Kwa waya wa sufuria? Kwenye rangi ya kiwandani? Akaenda akakaa karibu na pikipiki, kanipa mgongo. Chakula hakugusa. Mpaka magharibi, sina mume.

Alipokuwa anatawadha nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Anacheka mpaka birika limemwagika, ikabidi aanze upya. Akasema: siku kumi na tano nimembeba ng'ombe mwenye sketi mji mzima, nikidhani ni mapenzi.

Ni mapenzi pia, nikamwambia.

Nimemsafisha kiwiko kwa maji ya moto. Halafu tumekaa wote wawili tukaichana ile nailoni kwenye kiti. Kiti ni laini! Wiki tatu hatukujua.

Ya Rabi, asante kwa mume huyu.

Jumatatu, 23 Agosti

Sasa hofu ni moja, na ni ya wote wawili. Jumapili. Mzee anakuja kuona ng'ombe wake, ataona nini? Hajatimiza mwezi, ana kovu mbavu zote. Asipotia sahihi, Maneno anarudi kwenye sanduku begani. Na hata kama ataacha pikipiki kwetu, uso wetu tutauweka wapi?

Leo alikuja Muhire, fundi wa pikipiki. Akagonga tangi kwa kucha, akasikiliza. Anasema siku mbili tu. Atalinyoosha, ataweka lipu, atapiga rangi, hata aliyeiunda hatajua. Maneno macho yakawaka.

Mama Illuminée alikuwa anaanika nguo upande wake, lakini masikio yalikuwa upande wetu. Akasema: mkifanya hivyo mtajuta.

Maneno akamwambia: Mama Illuminée, umealikwa?

Akajibu: ukuta ni mfupi, sikosi mwaliko. Sikilizeni. Babu yangu alipewa ng'ombe na rafiki yake. Ng'ombe akavunjika pembe. Babu akachonga pembe ya mti, akaifunga, akaipaka masizi na siagi, safi kabisa. Rafiki akaja, akamsifu ng'ombe, akamshika pembe... ikabaki mkononi! Mpaka leo nyumba zile mbili hazialikani harusi. Si kwa sababu ya pembe. Kwa sababu ya mti.

Maneno akasema: huyo ni ng'ombe wa kweli. Hii ni chuma.

Mama Illuminée akasema: mimi nasikia mnaiita ng'ombe kutwa nzima! Akipewa mtu ng'ombe, ng'ombe akafa, hupeleka ngozi kwa aliyempa, aione. Hafichi. Basi pelekeni ngozi.

Muhire akakusanya spana zake akasema atarudi tukikubaliana.

Hatujakubaliana. Maneno anasema Mama Illuminée hana karatasi za kutiwa sahihi, ndiyo maana ni jasiri. Mimi naona yule mama amesema kweli. Lakini ni rahisi kwangu kusema, bega si langu.

Alhamisi, 26 Agosti

Tumegombana. Neno kwa neno, kwa sauti ya chini sababu ya mtoto. Nilisema: Mzee alilala chini ya meza ya baba yako, hakuona aibu kulisema mbele ya watu wote. Sisi tunaona aibu ya tangi?

Akatoka kwenda kazini.

Nimefuma siku nzima, na nimefumua yote.

Jumamosi, 28 Agosti

Hakuna rangi! Maneno amemwambia Muhire aweke taa mpya ya kona tu, ile ni ya usalama. Tangi libaki lilivyo. Kitambaa nimekifua, nimekipiga pasi, kimerudi kwenye radio. Kimekuwa kirefu upande mmoja, kinaning'inia mpaka chini ya meza kama ulimi.

Maneno ametoa sharti moja. Mambo ya tangi niachie mimi, wewe usiseme neno. Nimekubali.

Révérien, ndugu yake Mama Illuminée, ameleta kibuyu cha maziwa ya mgando. Mazito, yanashuka taratibu. Mtaa wote unanuka pilau na iliki, Maulidi imefika. Wanawake wameniletea sinia bila mimi kuomba. Nimekaa kidogo mlangoni nikawaza, watu wangapi wametupa vitu mwezi huu na sisi hatujampa mtu chochote? Nilitaka kuwahesabu, nikafika kumi kama Mucyo, nikaacha.

Akiichukua, ataichukua. Nimejifundisha kusema hivyo.

Jumapili, 29 Agosti

Asubuhi tumeiosha. Maji na sabuni tu! Maneno amevaa koti la marehemu baba yake. Nimempa chai, hakunywa. Mucyo nimemwambia leo ng'ombe halishwi, kuna mgeni.

---

Mzee amefika. Naandika huku nasubiri maziwa yapungue baridi, bora mikono ishike kitu. Nipo nyuma ya pazia, wao wako uani. Amekuja na suti ya misa na bahasha ya kaki. Amesalimia vizuri. Amemuuliza Mucyo, ng'ombe hajambo? Mucyo akasema ana vidonda.

Yarabi, mtoto huyu.

Mzee anaizunguka pikipiki. Viatu vyake nasikia kwenye kokoto. Amechuchumaa, magoti yamelia.

Na hii?

Niboye, mzee. Kwenye mchanga. Nilimkwepa mama na mtoto mgongoni. (Mtoto! Juzi ilikuwa viazi.)

Ulifanya vizuri. Yule mama yuko mzima?

Mzima, mzee.

Anazunguka upande wa pili. Amefika kulia. Najua anachotazama, kama vile anatazama uso wangu.

Na hii sasa? Hii si ya kuanguka.

Maneno amesema: ni mimi, mzee. Nilitaka kuisafisha, sikujua.

Si yeye! Nilikubali kunyamaza, lakini sikukubali yeye abebe. Hilo hatukulisema.

---

Nimepiga kelele kupitia pazia. Ni mimi, mzee! Nilitumia majivu! Sijui ulimi umetoka wapi. Sasa wamenyamaza wote, hata Mama Illuminée kule ukutani kanyamaza, ndio ujue. Sisikii hasira. Sisikii kicheko. Nasikia kiganja cha Mzee juu ya tangi, pole pole, pa, pa, pa, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni ili atulie. Bahasha inafunguliwa. Karatasi. Sithubutu kuchungulia. Maziwa nimeyasahau, wacha niyamimi—

Ananiita. Ni Mzee mwenyewe. Mama Mucyo! Njoo hapa nje, na uje na kalamu, mumeo anasema nyumba nzima mna moja tu! Ndiyo mzee, nakuja, ni moja kweli, ni hii hii ninayoandik—